Shukrani Hulipwa kwa Mfuko wa Nani?



Kuna madeni ya namna mbili duniani. Deni la kwanza limeandikwa kwenye karatasi. Lina tarehe na sahihi, na asiyelilipa aweza kuitwa mbele ya hakimu. Deni la pili halikuandikwa popote. Mtu alikutunza ulipokuwa mgonjwa, au alikulipia shule ulipokuwa yatima, au alikungojea siku ile wengine wote walipokwisha kuondoka. Hakukupa karatasi utie kidole. Hakimu hana neno juu yake. Hata hivyo moyo wako wajua kwamba una deni, na mara nyingi deni hilo ni zito kuliko lile la karatasi.

Ulizo letu ni hili: siku madeni hayo mawili yanapogombana, mtu afanye nini? Mkono wake umeajiriwa na bwana mmoja, na moyo wake una deni kwa mwingine. Amfuate nani? Tena je, ana ruhusa kumlipa huyu kwa mali ya yule?

Ulizo kama hili likiachwa hewani humchosha msomaji. Basi tutatwaa mfano mmoja wa kweli, ndio maisha ya ujana ya mcheza mpira wa Italia, Roberto Baggio. Vijana wetu wengi walisikia jina lake kwa ajili ya penalti aliyoikosa Marekani tarehe 17 Julai 1994, katika fainali ya Kombe la Dunia kati ya Italia na Brazili. Juu ya penalti ile wengi wamekwisha kusema. Sisi twataka kusema juu ya penalti nyingine, ile aliyokataa kuipiga.

Goti na kungojea

Roberto Baggio alizaliwa tarehe 18 Februari 1967 huko Caldogno, karibu na mji wa Vicenza, upande wa kaskazini-mashariki wa Italia. Alikuwa mtoto wa sita katika jamaa ya watoto wanane. Alipokuwa na miaka 13, kilabu ya Vicenza ilimtwaa kutoka ekipe ya kwao kwa lira 500,000. Mwaka 1983, akiwa na miaka 16, aliingizwa kati ya wakubwa, katika daraja la tatu. Msimu wa 1984–1985 alifunga magoli 12 ya ligi, na Vicenza ikapanda daraja la pili. Macho ya kilabu kubwa yakamwona. Fiorentina, kilabu ya daraja la kwanza katika mji wa Firenze, ikapatana na Vicenza kumnunua.

Tarehe 5 Mei 1985 Vicenza ilicheza na Rimini. Siku ile goti la kuume la kijana huyu likaharibika vibaya: kano ikakatika, na gegedu la ndani likapasuka. Alikuwa na miaka 18. Katika miaka ile jeraha kama hili liliwamaliza wacheza mpira wengi. Mtu alipona akaenda kwa miguu yake, lakini uwanjani hakurudi. Tena zilikuwa zimebaki siku mbili tu mapatano na Fiorentina yatiwe muhuri.

Hapa msomaji asimame kidogo, afikiri kama mchuuzi. Umeona mbuzi sokoni, mmepatana bei, na kabla hujatoa feza mbuzi akavunjika mguu. Nani atakulaumu ukienda zako? Fiorentina nayo ingaliweza kwenda zake. Haikwenda. Ilimchukua kijana pamoja na goti lake, ikamwacha apelekwe kwa mganga hodari katika mji wa Saint-Étienne, inchi ya Ufaransa. Wasimulizi wa maisha yake husema alishonwa nyuzi 220.

Msimu wa kwanza hakucheza hata mechi moja ya ligi. Tarehe 21 Septemba 1986 alivaa kwa mara ya kwanza shati la rangi ya zambarau la Fiorentina katika ligi ya daraja la kwanza. Baada ya juma moja goti likaharibika tena. Akarudishwa Saint-Étienne, akapasuliwa tena, akaanza tena kujifunza kukimbia. Kilabu ikangojea tena. Goli lake la kwanza katika daraja la kwanza alilifunga tarehe 10 Mei 1987, huko Napoli, siku ile Napoli ya Maradona ilipotwaa ubingwa wa Italia kwa mara ya kwanza. Hesabuni ninyi wenyewe: toka siku ya jeraha hadi siku ya goli ni miaka miwili na siku tano. Katika wakati ule wote alikula, alilala, alitibiwa, na kazi yake haikuonekana.

Wazee walisema: akufaaye kwa ziki ndiye rafiki. Hawakusema akufaaye siku ya karamu.

Neno moja hatutaki kulificha, kwa sababu gazeti letu ni la wakristu. Kijana huyu alilelewa katika jamaa katoliki. Lakini katika miaka ile ya Firenze, baada ya kuonja uchungu wa muda mrefu, rafiki yake mmoja alimwonyesha dini ya Buda, naye akaifuata, na hata leo aifuata. Hatuandiki hivi ili tumtukane. Mtaguso wa pili wa Vatikano, katika hati yake ya mwaka 1965 juu ya dini zisizo za kikristu, ulitufundisha kuheshimu yote yaliyo ya kweli na matakatifu katika dini hizo, na mambo ya rohoni mwa mtu ni siri yake na Mungu. Tunaandika kwa ajili yetu sisi makatekista na wazazi. Kijana aliyelala na maumivu ana saa nyingi za kuuliza maulizo, naye humsikiliza yule anayeketi karibu na kitanda chake. Basi kabla hatujauliza kwa nini fulani ameacha Misa, tuulize nani kati yetu alikwenda kuketi naye alipokuwa mgonjwa.

Kuuzwa

Goti likapona, kwa kadiri lilivyoweza kupona. Msimu wa 1988–1989 Baggio alifunga magoli 15 ya ligi. Msimu uliofuata magoli 17. Watu wa Firenze walimpenda kama mtoto wao. Walikuwa wamemwona akichechemea, na sasa walimwona akiwapita mabeki kama mtu apitaye kati ya miti ya shamba lake.

Mwezi wa Mei 1990 Fiorentina ilifika fainali ya Kombe la UEFA, ikashindwa na Juventus ya mji wa Torino. Watu wa Firenze hawaipendi Juventus hata kidogo. Na tazama, fainali ilipokwisha tu, habari zikatoka kwamba wenye kilabu wamemwuza Baggio kwa Juventus ile ile. Bei ilikuwa kama pauni za Uingereza milioni 8, bei kubwa kuliko zote zilizokwisha kulipwa kwa mcheza mpira hadi siku ile. Watu wa mji wakatoka njiani, wakarusha mawe, wakapigana na polisi, na watu kama 50 wakajeruhiwa. Baggio mwenyewe alisema amelazimishwa kukubali.

Hapa twataka kwenda polepole, maana ndipo ulizo letu linapoanza kuwa gumu. Tulisema Fiorentina ilimngojea. Sasa twasema Fiorentina ilimwuza. Je, Fiorentina ni nani?

Ni wenye mali, jamaa moja ya matajiri, ambao walilipa waganga na mishahara ya miaka ile miwili. Hao ndio waliongojea, na hao hao ndio waliouza. Ni wenzake wa ekipe, walimu wake na watu wa kuzoeza misuli yake, waliomtia moyo kila asubuhi. Hao walingojea, lakini hawakuuza. Tena ni watu wa mji, wenye maduka madogo, wafanyakazi, akina mama na watoto, walioimba jina lake alipokuwa hana faida yo yote kwao. Hao nao walingojea. Na siku ya kuuza hawakuulizwa.

Basi kijana huyu ana deni kwa nani? Mtu mmoja atasema: wenye mali walipomwuza walijilipa wenyewe, tena kwa faida kubwa, na kwa hiyo deni limekwisha. Twajibu: deni lao la feza limekwisha, kweli. Kama walimngojea kwa sababu ya hesabu tu, hesabu imefungwa. Lakini watu wa mji hawakupokea hata senti moja katika bei ile. Deni lake kwao lingali vile vile. Wenye mali waliuza walichokuwa nacho, yaani kazi ya miguu yake kwa miaka iliyoandikwa katika kontra. Hawakuweza kuuza shukrani yake, kwa sababu haikuwa yao.

Jambo hili ni kubwa kuliko mpira. Zamani huko Italia mcheza mpira alifungwa kwa kilabu yake hata asiweze kuondoka pasipo ruhusa. Sheria namba 91 ya mwaka 1981 ndiyo iliyoanza kukifungua kifungo hicho. Na mwaka 1995 hukumu ya mahakama ya Ulaya katika shauri la Mbelgiji Bosman ilisema kwamba mcheza mpira aliyemaliza kontra yake aweza kwenda kilabu nyingine ya Ulaya pasipo bei ya kumnunua. Watu wangali wasema kila siku: fulani amenunuliwa, fulani ameuzwa. Ni maneno ya sokoni. Mkristu ayatumie kwa uangalifu. Mtu hauzwi. Aliumbwa kwa mfano wa Mungu, akakombolewa kwa damu ya Mwana wa Mungu, na hakuna bei nyingine iliyo sawa naye. Kinachouzwa ni ahadi ya kazi. Ndani ya ahadi ile bwana ana haki. Nje yake hana.

Penalti

Tarehe 6 Aprili 1991 Juventus ilikwenda kucheza Firenze. Baggio akaingia katika uwanja ule aliouzoea, akiwa na shati la weupe na weusi. Wengine walimpigia miluzi. Fiorentina ikafunga goli moja. Katika kipindi cha pili Baggio mwenyewe akaangushwa ndani ya eneo la hatari, na mwamuzi akatoa penalti. Yeye ndiye aliyekuwa fundi wa penalti. Wote wakamtazama. Akakataa kuipiga.

Mwenzake De Agostini akaipiga, na kipa Mareggini akaidaka. Baadaye mwalimu wa Juventus akamtoa Baggio uwanjani. Alipokuwa akitoka, mtu mmoja alimrushia skafu ya zambarau kutoka kwa watazamaji. Akainama, akaiokota. Mechi ikaisha Fiorentina 1, Juventus 0.

Alipoulizwa sababu, alisema kwamba kipa alimjua mno, naye alijua namna yake ya kupiga. Wengi hawakusadiki. Watu wa Torino walikasirika, na wengi katika Firenze walifurahi, wakasema: amekataa kutuua.

Na sisi tuseme nini? Je, alifanya vema?

Wengine husema: alifanya vema sana, kwa sababu shukrani ni kitu kitukufu kuliko kontra. Feza za Torino hazina uso, lakini watu wa Firenze walikuwa na uso, na yeye aliutambua. Huwezi kumpiga kisu mama aliyekulea kwa sababu tu umeajiriwa na bucha. Fazili za punda ni mateke. Huyu hakutaka kuwa punda.

Wengine husema: alifanya vibaya. Alivaa shati la Juventus, alikula mshahara wa Juventus, wenzake kumi walikuwa wanatoka jasho kwa ajili ya goli lile. Kama hakutaka kupiga, angaliomba asicheze siku ile. Mtu aingiaye kazini na kuacha moyo nyumbani amwibia bwana wake.

Maneno ya pande zote mbili yana nguvu, ndiyo sababu hatuwezi kuyakata kwa neno moja. Tutafute msaada kwa waalimu wa Eklezia.

Alivyofundisha Mtakatifu Tomaso

Mtakatifu Tomaso wa Akwino, mwalimu mkubwa wa karne ya 13, aliandika juu ya shukrani katika sehemu ya pili ya kitabu chake kikubwa cha teolojia. Asema kwamba shukrani ni fazila iliyo jirani ya haki, lakini si sawa na haki yenyewe. Kwa haki twalipa deni la sheria, ambalo hakimu aweza kulidai. Kwa shukrani twalipa deni la uungwana, ambalo hakuna awezaye kulidai. Tena asema kwamba shukrani hutazama zaidi moyo wa aliyetoa kuliko ukubwa wa kitu alichotoa. Mtu aliyekupa kidogo kwa mapenzi amekufunga kuliko aliyekupa kingi kwa hesabu.

Katika mafundisho haya twaona mambo mawili.

La kwanza: wale wasemao kwamba deni la shukrani ni upuzi wa moyo tu, na kwamba mtu wa kazi atazame kontra yake basi, hao wamekosa. Kama hakuna aliye na deni ila lililoandikwa, basi mtoto hana deni kwa mama yake. Yezu aliwaponya wakoma kumi, akarudi mmoja kushukuru, na Bwana akauliza wale kenda wako wapi. Wale kenda hawakuvunja mapatano yo yote. Walikuwa wameambiwa waende kujionyesha kwa makuhani, nao walikwenda. Kwa sheria hawana kosa. Hata hivyo Bwana aliona kwamba kuna kitu kimepungua.

La pili: kwa kuwa deni la shukrani ni la moyo wangu, halina budi kulipwa kwa kilicho changu. Hapa ndipo wengi hupotea. Wanayo shukrani ya kweli, lakini wanailipa kwa mfuko wa mtu mwingine. Mtakatifu Tomaso akisema juu ya sadaka, afundisha kwamba kitu kilichotwaliwa kwa wizi chapasa kurudishwa kwa mwenyewe. Hakiwezi kutolewa sadaka kwa maskini. Twadhani sheria hii yafaa kwa shukrani pia. Zawadi iliyotoka katika mfuko wa jirani si zawadi. Ni wizi uliovaa nguo ya sikukuu.

Mtu ataleta mfano wa wakili wa Injili, yule aliyepunguza madeni ya watu kwa bwana wake ili wamkaribishe nyumbani mwao, na bwana wake akamsifu. Twajibu: alisifiwa kwa sababu alikuwa na akili ya kufikiri kesho, na Yezu ataka tuwe na akili ile ile kwa mambo ya mbinguni. Hakusifiwa kwa sababu ya mafuta na ngano za mwenyewe. Injili yamwita wakili zalimu, hata baada ya sifa.

Sasa turudi kwenye penalti. Penalti ile ilikuwa ya nani? Ilikuwa ya ekipe. Goli lililotazamiwa lilikuwa la wenzake kumi na la wale waliowapa mshahara. Kwa hiyo, kama Baggio alikataa kwa sababu aliona kwa haki kwamba kipa anamjua, na kwamba mwingine atapiga vema zaidi, hakukosa neno. Alimtumikia bwana wake kwa akili. Hata kama moyo wake ulitetemeka kiasi cha kumharibia mguu, alifanya vema kumwachia mwingine, maana fundi ambaye mkono wake watetemeka asishike wembe. Lakini kama alijua kwamba ataifunga, akakataa ili awape watu wa Firenze zawadi, basi alitoa zawadi kwa mfuko wa wenzake. Watu wanaweza kuipenda zawadi ile. Sisi nasi, tukisoma habari, moyo wetu waipenda. Lakini kupendeza na kuwa haki ni vitu viwili.

Mtasema: basi alifanya lipi kati ya haya mawili? Hilo liko katika zamiri yake, na katika zamiri kuna hakimu mmoja tu asiyehitaji mashahidi. Nasi tusimpime kwa yaliyotokea baadaye. De Agostini alikosa, lakini angaliweza kupata. Kama angalipata, watu wangalisema Baggio ana busara. Tendo ni jema au baya kwa nia yake na kwa jinsi lilivyo. Bahati ya mpira haiwezi kuligeuza.

Lakini kuna skafu. Juu ya skafu hatuna shaka. Alikuwa amekwisha kutoka uwanjani. Kazi ya siku ile ilikuwa imekwisha mkononi mwake. Kuinama kulikuwa kwake mwenyewe, mkono ulikuwa wake, na hasira ya watu wa Torino aliyoipata kwa sababu ya kitambaa kile ilimwangukia yeye mwenyewe. Hapo alilipa kwa mfuko wake. Aliwaambia watu wa Firenze, pasipo neno, kwamba bei iliyolipwa haikununua kumbukumbu yake. Ikiwa mtu atuuliza shukrani ya kweli ina sura gani, hatutamwonyesha penalti, tutamwonyesha skafu.

Katika inchi yetu

Huenda msomaji asema: mambo ya Italia yatuhusu nini? Yatuhusu sana, maana kila mmoja wetu anayo Firenze yake.

Hakuna kijana kati yetu aliyefika po pote kwa nguvu zake peke yake. Mjomba aliuza ng'ombe au baiskeli ili alipe shule. Shangazi alipika chikwangue akaiuza kando ya njia. Kijiji kizima kilichanga feza za safari. Na siku moja kijana huyu anapata kazi: anakuwa karani, mwalimu, mganga, mkubwa wa biro, afisa wa ushuru, mwenye kutunza sanduku la parokia. Basi watu wa kwao wanafika. Hawana karatasi, hawana hakimu, wana uso tu. Na wana haki ya kufika, kwa sababu ni kweli kwamba walimngojea.

Kijana mmoja huwafungia mlango. Asema: mimi sasa ni mtu wa sheria, kila mtu na mshahara wake. Huyo ni mnyweshaji wa Farao, ambaye Yosefu alimtabiria wema gerezani, naye alipotoka akamsahau. Tusimwite mwaminifu. Ni mtu aliyeitumia sheria kama kisingizio cha choyo.

Kijana wa pili huwafungulia mlango wa biro. Mpwa apewa kazi asiyoiweza, na mtoto wa mtu mwingine, aliyefaulu, arudishwa nyumbani. Dawa za hospitali zaenda kijijini, na mgonjwa asiye na ndugu aambiwa dawa zimekwisha. Alama za shule zaongezwa kwa mtoto wa aliyemlipia shule. Naye alala usingizi mzuri, kwa maana ajiona ni mtu wa shukrani! Watu wa kwao wamsifu. Kumbe yule mtoto aliyerudishwa na yule mgonjwa aliyekosa dawa ndio waliolipa deni lake, na hawakuwa na deni lo lote.

Zambi hii ni ngumu kuungamwa kuliko wizi wa kawaida. Mwizi wa kuku ajua kwamba ni mwizi. Huyu aiba kwa moyo mwema. Amevaa uzuri wa fazila moja ili aue fazila nyingine. Na inchi inaharibika hivyo, si kwa mikono ya watu wabaya tu, bali pia kwa mikono ya watu wenye shukrani wasiojua mfuko wao unaishia wapi.

Kijana wa tatu afungua mlango wa nyumba yake. Mshahara wake ni mdogo, lakini sehemu yake aitoa kila mwezi kwa mjomba aliyezeeka. Siku yake ya mapumziko aenda kumwona shangazi. Amfundisha mpwa jioni, ili apite mtihani kwa akili zake mwenyewe. Na mjomba akimwomba jambo la biro lisilo haki, amwambia kwa heshima, tena kwa kupiga magoti kama desturi ikitaka: Mjomba, changu chote ni chako, lakini hiki si changu. Pengine mjomba atakasirika. Pengine atasema kijijini kwamba mtoto huyu ni punda. Kustahimili neno lile ni sehemu ya malipo, kwa maana nalo latoka katika mfuko wake mwenyewe.

Twajua kwamba njia hii ya tatu ni ngumu. Mshahara ukichelewa, na mjomba ni mgonjwa, na sanduku la biro li wazi, maneno yetu haya yaonekana mepesi. Hatutaki kumhukumu mtu aliyeanguka mahali ambapo sisi hatujajaribiwa. Twasema tu kwamba ajue jina la alichofanya, asikiite shukrani.

Na ninyi wazee, mliowangojea vijana, lawahusu neno moja. Mlipomngojea, mlingojea mtu au mlingojea faida? Kama mlingojea faida, ninyi ni wenye kilabu: mtakuja siku moja kumwuza, naye hatakuwa na deni kubwa kwenu. Kama mlingojea mtu, mtafurahi kumwona akisimama wima, hata ikiwa kwa kusimama wima amewanyima kitu.

Baggio alipewa Mpira wa Zahabu wa Ulaya mwaka 1993, akiwa Juventus, na alicheza hadi mwaka 2004 kwa goti lile lile lililoshonwa. Magoli yake mengi aliwafungia watu ambao hawakumwona akiwa kitandani. Ndivyo yalivyo maisha: mara chache twawafanyia kazi wale wale waliotungojea. Basi tufanye kazi kwa haki kwa aliyetuajiri, tuwalipe wa zamani kwa kilicho chetu, na tukimwona leo kijana mwenye goti lililovunjika, asiye na faida kwa mtu, tuketi karibu naye tumngojee.